Mbuzi wa Kumi na Nane: Soga na Chemshabongo Mjini Makindu

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Wakasema tena penye wengi pana mengi. Sijui ni methali ipi kati ya hizi mbili iliyowaongoza wazee wa Makindu walipoweka benchi lao la kwanza chini ya mwarobaini ulio kati ya barabara kuu na kituo cha zamani cha reli, lakini najua kwamba chini ya mti huo ndipo mimi, mwanafunzi wa fasihi, nilipojifunza hesabu. Jambo hili si dogo kama linavyosikika. Katika mtihani wa kidato cha nne nilipata alama ya D katika hisabati, na kwa miaka yote minne ya shule ya upili sikuwahi kuinua mkono katika kipindi cha somo hilo, isipokuwa kuomba ruhusa ya kutoka nje.

Kilichonisukuma kuandika makala haya ni swali aliloniuliza mhadhiri mmoja nilipowasilisha pendekezo langu la utafiti wa uzamili. Nilitaka kuzichunguza chemshabongo za hesabu zinazotegwa katika vijiwe vya mazungumzo. Mhadhiri alilisoma pendekezo hadi ukurasa wa mwisho, akavua miwani, akauliza kwa upole: "Na fasihi i wapi hapa?" Hakukosea kuuliza. Sote tuliopitia silabasi ya shule za upili nchini Kenya twakumbuka zile tanzu fupi za fasihi simulizi tulizokaririshwa: methali, vitendawili, mafumbo, vitanza ndimi, misimu, lakabu, soga, chemshabongo. Soga zilikuwa na aya yake, chemshabongo ikawa na aya yake, na mfano mmoja mmoja chini ya kila aya. Tulizisoma kama mtu asomaye orodha ya bidhaa za duka, kisha tukazisahau siku ya pili ya mtihani. Dai langu ni kwamba tulizitenganisha mahali pasipostahili kutenganishwa, na kwamba mimi binafsi nililipia kosa hilo. Au, niseme ukweli, alililipia mtu mwingine.

Makindu ni mji wa wapita njia. Jina lenyewe hutukumbusha mikindu, ile miti ya jamii ya mitende ambayo ukindu wake hufumiwa mikeka na akina mama wa pwani. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899 ilipita hapa, na vibarua wa Kihindi walioijenga wakapaacha na ibada yao. Hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 lingali linampa msafiri yeyote chakula na malazi bila kumdai hata senti. Baada ya reli ikaja barabara ya lami, na pamoja na barabara wakaja madereva wa malori, matingo wao, wauza maembe na asali, na watu ambao hujui kama wanaondoka au wanafika. Katika mji wa namna hii watu hukaa pamoja bila ya kuwa na ukoo mmoja, lugha moja ya nyumbani wala dini moja. Wanachokuwa nacho ni wakati, kwa sababu daima pana mtu anayesubiri kitu.

Babu yangu, mstaafu wa reli, alikuwa mwanabenchi wa kudumu. Wakati wa likizo alinichukua nimbebee chupa ya chai. Pembeni mwake aliketi rafiki yake, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye kila mtu alimwita Mwalimu tu, kana kwamba mji mzima haukuwa na mwalimu mwingine. Mwalimu ndiye aliyekuwa mtegaji mkuu. Hakuanza kwa kutega. Alianza kwa bei ya pojo, akaja kwa mvua iliyokataa kunyesha, akamtania mshona viatu kuhusu mkewe, na katikati ya utani huo, bila kubadilisha sauti, angesema, "Hebu niambieni." Hapo benchi zima lilijua.

Nakumbuka chemshabongo ya malori mawili. Lori moja linaondoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Jingine linaondoka Mombasa wakati uo huo, mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Yatakapokutana, ni lipi litakalokuwa karibu zaidi na Nairobi? Basi madereva walishika vijiti wakaanza kuandika mchangani. Mmoja alisema masafa ni kama kilomita 480, kwa hiyo yatakutana baada ya saa tano kasoro hivi, ng'ambo ya Mtito Andei kabla ya kufika Voi. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Mwingine akapinga kwamba lori la Mombasa lazima lichelewe kwenye mizani ya Mariakani, na lile la Nairobi kwenye mizani ya Mlolongo, hivyo saa hizo zote ni za uongo. Ubishi ulidumu hadi chai ikaisha. Ni mtoto wa mshona viatu, wa darasa la tatu, aliyesema kwamba yakishakutana yako mahali pamoja, basi hakuna lililo karibu kuliko jenzie. Kimya kilitanda. Kisha dereva wa kwanza akauliza kwa huzuni ya kweli: "Kwa hiyo yamegongana?" Hadi leo, mtu akikutana na mwenzake ghafla pale Makindu, atasikia akiulizwa iwapo wamegongana.

Benchi lilikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: anayejua jibu anyamaze. Aliyepayuka jibu alitazamwa kama mtu aliyekula chakula cha mgonjwa. Kujua hakukuwa sifa. Sifa ilikuwa kuwaacha wenzako wahangaike hadi wafike wenyewe, hata ikibidi walale na swali na kurudi nalo kesho. Kukosea nako hakukuwa aibu. Jibu la kipumbavu lilichekwa, naam, lakini lilichekwa pamoja na mwenyewe, kisha likawekwa akiba, na mara nyingi likaja kufaa baadaye. Ndiyo maana niliweza kukosea pale mara mia, mimi ambaye shuleni nilikosea mara moja tu ubaoni, nikaachwa nimesimama mbele ya darasa kipindi kizima na chaki mkononi, nikaapa kimoyomoyo kwamba sitarudia. Mwaka 2025, mjadala ulipozuka nchini kuhusu iwapo hisabati iwe somo la lazima kwa wote katika sekondari pevu, nilizisikiliza pande zote mbili nikaona zinagombania ratiba. Sikumsikia aliyeuliza mtoto ataruhusiwa kukosea kwa muda gani.

Siku moja alikuja dereva Mswahili wa Mombasa akatega lile la chui, mbuzi na majani. Mtu ana chui, mbuzi na mzigo wa majani, na anataka kuvuka mto kwa mtumbwi usiobeba zaidi yake na kimoja cha vitu hivyo. Akimwacha chui na mbuzi, mbuzi ataliwa. Akimwacha mbuzi na majani, majani yataliwa. Atavukaje? Baadaye chuoni niligundua kwamba fumbo hili limesafiri kuliko dereva yule. Husimuliwa Zanzibar kwa chui, mbuzi na majani, na limo pia katika hati kongwe ya Kilatini inayohusishwa na Alcuin wa York, mtaalamu wa karne ya 8, ambako wasafiri ni mbwamwitu, mbuzi na kabeji. Jibu lake ni safari saba: mbuzi kwanza, kurudi mikono mitupu, chui, kurudi na mbuzi, majani, kurudi mikono mitupu, na mbuzi tena. Siri yote imo katika ile safari ya kumrudisha mbuzi ulikomtoa, jambo ambalo akili ya binadamu hulichukia kwa kuwa linafanana na hasara.

Lakini benchi la Makindu halikuanzia hapo. Lilianza kwa kuuliza maswali. Mto upi? Mto wa Makindu si wa kuvukwa kwa mtumbwi. Mtu mwenye akili timamu anafanya nini na chui? Kwa nini asimfunge mbuzi kamba? Kwa nini asiyaweke majani juu ya mti? Utingo mmoja kutoka upande wa Malaba, kijana mwembamba asiyecheka upesi, aliuliza nani alimtuma mtu huyo. Dereva wa Mombasa alijitetea hoja baada ya hoja, akiongeza masharti: hakuna kamba, hakuna mti, na aliyemtuma ni mfalme. Ilichukua nusu saa kabla ya masharti kukubalika, na ndipo watu wakachukua vizibo vitatu vya soda na kuanza kuvivusha ufa wa sakafu.

Hapa naomba nitue kidogo, kwa maana hapa ndipo lilipo jibu la swali la mhadhiri wangu. Kitendawili hakivumilii mazungumzo ya aina hii. Nyumbani kwetu, usiku, susu aliposema "Kwata ndai!" nasi tukaitikia "Nakwata!", jibu lilikuwa limekwisha kuwako kabla hatujazaliwa. Vivyo hivyo kwa Kiswahili: nyumba yangu haina mlango ni yai. Mtoto akisema kaburi, amesema jambo la maana, pengine la maana kuliko yai, lakini atatozwa mji. Kitendawili huuliza kama wewe ni wetu. Chemshabongo haiulizi hivyo. Yule utingo wa Malaba, asiyejua neno la Kikamba, alikuwa na haki sawa na babu yangu mbele ya chui na mbuzi, na ndiyo sababu, naamini, mji wa wapita njia ukachagua chemshabongo uache ndai zibaki majumbani kwa masusu. Lakini haki hiyo haitoki ndani ya chemshabongo yenyewe. Inatoka katika soga inayoizunguka. Chemshabongo husema: haya ndiyo masharti, tatua. Soga husema: masharti ameyaweka nani? Ukiitenga chemshabongo na soga, kama ilivyotengwa katika vitabu vyetu vya shule, unabaki na zoezi la utiifu.

Mwalimu alijua pia kuitoa hesabu ndani ya lugha. Aliwahi kutuuliza kwa nini Mkamba akihesabu hufika nane kabla ya kufika nane. Tukahangaika. Nne kwa Kikamba ni inya, na nane ni nyaanya, yaani nne na nne zimeshikana mikono. Tatu ni itatũ, na sita ni thanthatũ, tatu na tatu. Kisha akanigeukia mimi wa Kiswahili, akataka kujua nane yetu imetoka wapi, na tandatu yetu ya kale imekwenda wapi tulipoazima sita kwa Waarabu. Nilimjibu kwamba hata saba yetu ni ya kuazima, na ile ya asili imejificha katika fungate ya maharusi. Alifurahi kwa muda wa wiki nzima. Alimwambia kila dereva aliyepita kwamba maharusi wa pwani wanahesabiwa siku zao.

Sasa nije kwa mbuzi.

Chemshabongo aliyoipenda Mwalimu kuliko zote ni ile ya mzee aliyefariki akaacha wana watatu na mbuzi 17. Katika nchi za Kiislamu husimuliwa kwa ngamia, lakini Ukambani ngamia wa nini? Mzee aliusia kwamba mwana wa kwanza apate nusu, wa pili thuluthi, na wa tatu tusui, yaani sehemu moja ya tisa. Nusu ya mbuzi 17 ni wanane na nusu, na hakuna aliyekuwa tayari kumpasua mbuzi. Jirani akaja na mbuzi wake mmoja, akamwongeza, wakawa 18. Wa kwanza akachukua nusu, mbuzi 9. Wa pili thuluthi, mbuzi 6. Wa tatu tusui, mbuzi 2. Tisa na sita na mbili ni 17. Mbuzi mmoja akabaki, jirani akamkokota mbuzi wake akaenda zake.

Niliisikia hadithi hii nikiwa na miaka kumi na ikanikereketa. Mbuzi aliyerudi nyumbani kwake, alikuwa amefanya kazi gani? Watu wazima walicheka wakaridhika. Mimi sikuridhika hadi likizo yangu ya kwanza ya chuo kikuu, usiku mmoja nikichambua pojo jikoni. Nilihesabu punje 18. Nikatenga nusu, thuluthi na tusui. Punje moja ikabaki. Nikarudia kwa punje 36, zikabaki mbili. Ndipo nilipong'amua kwamba yule mzee hakuigawa mali yake yote. Nusu ni sehemu 9 za 18, thuluthi ni 6, tusui ni 2; jumla ni 17 za 18. Wosia wake ulikuwa na upungufu tangu siku alipoutamka, na mbuzi wa jirani hakutatua lolote ila kuuficha upungufu huo kwa adabu. Kesho yake nilimnong'onezea Mwalimu. Alinitazama kitambo, akasema: "Usimwambie mtu bado."

Babu alifariki mwaka 2018. Hakuacha mbuzi 17. Aliacha shamba ambalo maisha yake yote alilihesabu kwa hatua za miguu kuwa ekari 12, na neno la mdomo kwamba baba mkubwa apate ekari 6, baba yangu 4, na shangazi, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, apate 2. Mpima ardhi alipokuja na vyombo vyake alikuta ekari kumi na nusu. Msomaji ataona mara moja palipokuwa na hatari. Ukiondoa ekari mbili za shangazi, hesabu inatimia bila shida: sita na nne ni kumi, na nusu ya kuzozania inabaki. Baba mkubwa aliliona hilo kabla ya mpima kukunja vyombo vyake. Baba yangu aliliona pia, akanyamaza, na kunyamaza kwake kuliniumiza kuliko maneno ya nduguye. Kwa miezi mitano ndugu hao hawakuamkiana. Shangazi aliendelea kupalilia kana kwamba hazungumzwi yeye.

Kikao kilipoitwa, Mwalimu alikuja kama rafiki wa marehemu. Watu walisema waliyosema, sauti zikapanda. Ndipo Mwalimu, kwa sauti ile ile ya benchini, akasema, "Hebu niambieni," akaanza kusimulia habari za mbuzi. Baba mkubwa akamkatiza: hadithi hiyo tunaijua, jirani alileta mbuzi, je, Mwalimu ameleta ekari? Watu wakacheka, na kilikuwa kicheko cha kwanza katika nyumba ile tangu mazishi. Mwalimu hakucheka. Alinigeukia. "Mjukuu, waeleze ulichokiona."

Nilisimama na magoti yakinitetemeka kama siku ile ya ubaoni. Nikaeleza punje zangu za pojo. Nikasema kwamba baba wa wale wana watatu alikosea kujumlisha, na kwamba ugomvi wa wanawe haukuwa kosa lao. Hakuna aliyezungumza. Kumwambia mtu kwamba marehemu babake alikosea hesabu, angali na kaburi lenye udongo mbichi, si jambo la kawaida kwetu. Baba yangu ndiye aliyevunja kimya. "Kwa hiyo hata mzee alikosea," akasema, si kwa hasira, bali kama mtu aliyetua mzigo. Nilipata ujasiri. Nikasema kwamba kumi na nusu ni sehemu saba katika nane za kumi na mbili. Kila mmoja akirudisha sehemu moja ya nane ya alichoahidiwa, hakuna atakayefukuzwa: baba mkubwa ekari tano na robo, baba yangu tatu na nusu, shangazi moja na robo tatu. Jumla, ekari kumi na nusu. Susu, aliyekuwa nduguye marehemu nyanya yangu, aliuliza sehemu ya nane ndiyo nini. Nikamjibu ni thumuni, kama ile sumuni ya zamani. Akaitikia kwa kichwa, sumuni aliijua.

Walikubali. Si siku hiyo, na si bila matusi, lakini mwaka 2019 vigingi vilipigwa kwa hesabu yangu. Sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia vigingi vile. Mimi wa alama ya D.

Likizo iliyofuata nililisimulia benchi. Mwalimu aliniachia uwanja, madereva wakapiga makofi. Yule utingo wa Malaba alikuwapo, akisubiri lori lililoharibika gurudumu. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ile ile aliyouliza habari za mtu wa chui:

"Dada, na nani alisema sita, nne, mbili?"

Nilijibu kwamba ni babu. Akasema, "Sawa," akanywa chai yake. Mwalimu aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikumsikia akiongeza neno.

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, haibagui mwana wa kiume na wa kike. Mzazi asipoacha wosia unaokubalika kisheria wala mjane, watoto hugawana sawa. Ekari kumi na nusu kwa watatu ni ekari tatu na nusu kila mmoja. Hata kichwa changu cha D kinaweza kufanya hesabu hiyo bila pojo. Baba yangu, kwa hesabu yangu na kwa hesabu ya sheria, anapata kile kile, tatu na nusu. Pengine ndiyo maana aliona nuru upesi. Tofauti ni kati ya ndugu wawili tu, na ni ekari moja na robo tatu, yaani kiasi kile kile shangazi alichopewa. Nilimpunguzia nusu ya haki yake kwa uadilifu mkubwa, mbele ya watu, na nikapongezwa. Nilikuwa nimeyatatua masharti bila kuuliza yametoka wapi. Nilifanya chemshabongo nikasahau soga.

Mwaka 2023 nilimwendea shangazi. Alikuwa akianika pojo kwenye turubai mbele ya nyumba yake. Nilimweleza yote, pamoja na kifungu cha sheria, nikiwa nimekinakili kwenye karatasi. Aliisoma karatasi polepole. Kisha akanirudishia.

"Nilijua," akasema. "Chifu alitueleza barazani kabla babu yako hajafa. Siku ile ulivyosimama nilidhani utalisema."

Nilimuuliza kwa nini hakulisema mwenyewe. Akaniuliza ni nani katika kikao kile angemwachia amalize sentensi. Sikuwa na jibu. Aliongeza kwamba hatampeleka nduguye mahakamani angali anateka maji katika tangi lake, lakini pia hajatia sahihi makaratasi ya mirathi, na hana haraka. Faili hiyo ingali wazi ninapoandika haya. Baba yangu amesema atashuhudia litakapofika la kufika. Nimemwomba aseme hivyo mbele ya kakake, si mbele yangu, naye bado anatafuta siku.

Desemba iliyopita nilipita benchini. Mwalimu haoni vizuri siku hizi. Hutambua watu kwa kikohozi. Nilipokaribia nilimwona baba mkubwa ameketi mwisho wa benchi, mahali alipokuwa akiketi babu. Hakuwa mtu wa benchi hapo awali, daima alisema ni mahali pa wavivu. Mbele yake, kwenye ufa wa sakafu, palikuwa na vizibo vitatu vya soda. Mwalimu aliniambia kwamba yupo juu ya mto ule tangu asubuhi. Alikuwa amekwisha kumvusha mbuzi, akamvusha na chui, na sasa kidole chake kilikuwa juu ya kizibo cha mbuzi, kikisita, kwa sababu hakuona kwa nini amrudishe alikomtoa.

Nilimwamkia akaniitikia bila kuinua macho. Nikajimiminia chai, nikakaa, nikanyamaza.